Prufu, spesimeni au imesuguliwa tu? Mnunuzi wa sarafu za kale asilipie mng'aro

KIGOMA

SARAFU ya kale inayong'aa kama kioo inaweza kuwa kitu kimoja kati ya vinne. Inaweza kuwa prufu, inaweza kuwa spesimeni, inaweza kuwa sarafu ya kawaida ambayo haikupita mikononi mwa watu, au ikawa sarafu iliyochakaa ambayo mtu ameisugua kwa majivu na ndimu usiku wa jana. Kwa mtazamo wa haraka juu ya meza ya duka, zote nne zinafanana. Kwa bei, hazifanani hata kidogo.

Mfanyabiashara asiyejua tofauti hiyo huumia mara mbili. Huumia anaponunua, kwa kuwa hulipia kitu ambacho hakupewa. Huumia tena anapouza, kwa kuwa mnunuzi mzoefu wa Dar es Salaam, Nairobi au Ujerumani huitazama sarafu kwa lenzi, huirudisha mezani, na kutaja bei ya madini chakavu.

Kwa Kigoma, Ujiji na vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika jambo hili lina uzito wake. Reli ya Kati ilifika Kigoma Februari 1914, na pamoja nayo mishahara iliyolipwa kwa rupia na heller za Wajerumani. Mwaka 1916, Vita Kuu ya Kwanza ikiwa imepamba moto, Tabora ikaanza kupiga sarafu zake yenyewe. Julai ya mwaka huo huo majeshi ya Wabelgiji yakauteka mji wa Kigoma, na utawala wao hapo ukadumu hadi mwaka 1921, walipowaachia Waingereza waliokuja na shilingi. Mji mmoja ukapitiwa na fedha za tawala tatu katika kipindi kisichofika miaka kumi. Zilizofukiwa, zilizotobolewa kuwa mikufu na zilizosahauliwa ndani ya masanduku ya mabibi ndizo ambazo hujitokeza sokoni.

Isitoshe, kukagua fedha si elimu ngeni ufukweni hapa. Verney Lovett Cameron, Mwingereza aliyefika Ujiji mwaka 1874, aliandika juu ya soko ambalo bei zake zilitajwa kwa shanga za sofi, zilizofanana na vipande vya shina la kiko. Soko lilipofunguliwa, watu wenye mifuko ya sofi walizibadilisha kwa shanga za aina nyingine, na lilipofungwa walizipokea tena, wakipata faida pande zote mbili. Mtu aliyekuwa hawezi kutambua ushanga mmoja na mwingine hakuweza kuifanya kazi hiyo. Kwa sarafu za kale hali ni ile ile.

PRUFU NI NAMNA YA KUPIGA

Jambo la kwanza ambalo mwekezaji mdogo anapaswa kulishika ni kwamba prufu na spesimeni ni majina ya namna sarafu ilivyotengenezwa. Hayasemi kama ni safi au chafu, nzima au iliyolika.

Sarafu hupigwa kwa mihuri miwili ya chuma kigumu. Kipande tupu cha madini huwekwa katikati, mihuri hukigandamiza, na picha za pande zote mbili hutokea kwa pamoja. Kwa sarafu za matumizi ya kila siku mashine hufanya kazi haraka, pigo moja kwa kila kipande, na sarafu huangukia kwenye pipa zikigongana. Ndiyo maana hata sarafu mpya kabisa kutoka benki huwa na alama ndogo za kugongana.

Prufu hupitia njia nyingine. Mihuri yake hutayarishwa kwa namna ya pekee, mara nyingi kwa kung'arishwa mpaka uwanda wake unaakisi uso wa mtu. Kipande tupu nacho husafishwa na kung'arishwa. Kila kimoja huwekwa kwa mkono, hupigwa polepole kwa nguvu kubwa na zaidi ya mara moja, kisha hutolewa kimoja kimoja bila kugusana na vingine. Matokeo yake ni uwanda ulio kama kioo, herufi zenye kuta zilizosimama wima, na ukingo mkali kama umekatwa kwa kisu. Katika prufu nyingi picha yenyewe huachwa na weupe mithili ya ukungu, ili itofautiane na uwanda.

Spesimeni inakaa kati ya hizo mbili. Mihuri yake huwa mipya au iliyotayarishwa kwa uangalifu kuliko ya kawaida, na pigo lake huwa kamili, lakini haikupitishwa hatua zote za prufu. Uso wake mara nyingi ni laini kama hariri, au kioo hafifu kilichochanganyika na mng'aro wa kawaida. Ilipigwa ili kuwaonyesha wakubwa wa serikali na mabenki sura ya fedha mpya, kupelekwa kwenye makumbusho na maonyesho, au kuhifadhiwa na kiwanda chenyewe kama kumbukumbu.

Mfanyabiashara wa dagaa wa Kibirizi anaelewa jambo hili bila kufundishwa. Dagaa wa usiku mmoja na ziwa moja, waliokaushwa kwenye chanja na waliokaushwa mchangani, hawauzwi bei moja. Na waliokaushwa mchangani hawageuki kuwa wa chanja kwa kuoshwa.

Kutokana na hilo, yapo mambo mawili ambayo wengi huyakosea. Prufu iliyotolewa kwenye kisanduku chake ikatumiwa dukani mpaka ikachubuka inabaki kuwa prufu, ila prufu iliyoharibika. Na sarafu ya kawaida, hata ikiwa safi kuliko zote za mwaka wake, inabaki kuwa ya kawaida. Kampuni za Marekani zinazokagua sarafu na kuzifunga ndani ya vibao vya plastiki, PCGS na NGC, zilizoanza miaka ya 1980, hufuata utaratibu huo. Herufi huonyesha namna ya kupigwa: PR au PF kwa prufu, SP kwa spesimeni, MS kwa sarafu ya kawaida isiyotumika. Tarakimu inayofuata, ambayo mwisho wake ni 70, huonyesha hali. Kibao chenye PF 50 kina prufu iliyochubuka. Chenye MS 66 kina sarafu ya kawaida iliyo nzuri sana. Anayesoma tarakimu tu akaacha herufi amesoma nusu ya hati.

MAJINA YALIYOCHANGANYIKA

Ugumu wa sarafu za kale ni kwamba viwanda vyenyewe havikuwa na mpaka mmoja kati ya maneno haya. Kiwanda cha Royal Mint cha London kiliziita spesimeni sarafu nyingi ambazo leo wauzaji wote huziita prufu. Seti za kutawazwa kwa Mfalme George VI mwaka 1937 ziliuzwa kwenye visanduku vilivyotaja spesimeni, ilhali sarafu zilizomo ni prufu. Kwa hiyo neno lililo kwenye kisanduku cha zamani si uthibitisho. Uthibitisho ni uso wa sarafu.

Hata mng'aro wenyewe si sharti la prufu. Mwaka 1902, kwa kutawazwa kwa Mfalme Edward VII, kiwanda hicho kilitoa prufu zenye uso uliofifia, usio na kioo, ulio kama umepakwa vumbi laini. Baadhi ya waliozirithi walizidhani chafu wakazisugua, na kwa kufanya hivyo wakafuta kile kilichozifanya kuwa prufu.

Lugha nazo zina mitego yake. Mjerumani akiandika "Probe" anamaanisha sarafu ya majaribio, iliyopigwa kabla ya uamuzi wa mwisho kufanywa. Prufu kwa lugha yake ni "Polierte Platte", na wauzaji huifupisha kwa herufi PP. Upande wa pili wa ziwa, ambako Kifaransa ndicho kilichotawala ofisini, sarafu yenye neno ESSAI nayo ni ya majaribio. Ni kitu chenye thamani, na pengine kuzidi prufu, lakini ni bidhaa nyingine na ina wanunuzi wake. Kwa upande wa noti, neno SPECIMEN lililogongwa juu yake, pengine na matundu, huonyesha sampuli iliyopelekwa kwa mabenki ili waitambue noti mpya. Halihusiani na namna ya kupiga sarafu.

TABORA: HAKUNA PRUFU YA KUTAFUTA

Sarafu inayoleta maneno mengi zaidi katika ukanda wa Reli ya Kati ni ile ya mwaka 1916 yenye herufi T, yaani Tabora. Meli za kivita za Waingereza zilikuwa zimeifunga pwani, fedha kutoka Ujerumani haziingii, na noti za muda zilizochapwa nchini kwa karatasi duni zilikuwa hazina imani mbele ya watu. Askari na wapagazi walihitaji kulipwa. Wajerumani wakaanzisha kiwanda cha sarafu katika karakana ya reli mjini Tabora.

Huko zilipigwa heller 5 za shaba nyeupe ya manjano, heller 20 za shaba hiyo hiyo na nyingine za shaba nyekundu, na rupia 15 za dhahabu. Maganda ya risasi na mizinga yaliyokwisha kutumika yalikuwa sehemu ya malighafi. Dhahabu ilitoka katika mgodi wa Sekenke, katika eneo la Iramba. Mihuri ilitayarishwa humo humo nchini, ikachoka, ikabadilishwa. Septemba 19, 1916 Wabelgiji wakaingia Tabora na kazi ikawa imekwisha.

Katika mazingira hayo hakuna aliyekuwa na haja wala nafasi ya kung'arisha mihuri kwa ajili ya wakusanyaji. Heller 20 za Tabora hutofautiana uzito, unene na rangi. Nyingi zina pigo hafifu upande mmoja, au nyufa za mhuri zilizoacha mistari iliyoinuka juu ya sarafu. Hizo si kasoro za kumpunguzia muuzaji bei. Ndiyo sura yake halali. Sarafu ya T inayotolewa mfukoni ikiwa na uwanda wa kioo na kutajwa kuwa ni prufu inapaswa kumtia mnunuzi mashaka papo hapo. Ama imesuguliwa, ama imepakwa madini mengine, ama ni bandia.

Hata hivyo, tofauti za kweli zipo na zina faida kwa anayezijua. Kwenye heller 20 taji huja kwa ukubwa wa aina mbili, na ncha za herufi L katika neno HELLER huja zikiwa zimepinda au zimechongoka, kutegemea mhuri uliotumika. Baadhi ya miungano hiyo ni adimu kuliko mingine. Rupia 15, yenye tembo mbele ya milima upande mmoja na tai wa dola upande wa pili, nayo ina aina mbili: pambo la kulia upande wa tai huishia chini ya herufi T ya OSTAFRIKA, au chini ya A. Orodha za sarafu hutaja vipande 9,803 vya aina ya kwanza na 6,395 vya aina ya pili, jumla 16,198. Mnunuzi aliyetumia dakika tano kutazama herufi hizo amefanya kazi ya maana kuliko aliyetumia saa nzima kujadili mng'aro.

BERLIN, HAMBURG NA LONDON

Hali ni tofauti kwa sarafu zilizopigwa Ulaya, kwa sababu huko vifaa na wateja wa prufu walikuwepo. Pesa ya shaba ya Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, yenye maandishi ya Kiarabu na mwaka wa Hijria 1307 kwa toleo la 1890, ilipigwa Ujerumani. Vivyo hivyo rupia ya fedha ya gramu 11.66 yenye Kaiser Wilhelm II akiwa amevaa kofia ya chuma, na rupia mbili za mwaka 1893 na 1894. Kuanzia mwaka 1904, serikali ya kikoloni ilipochukua jukumu hilo na rupia ikagawanywa kwa heller 100, sarafu zilibeba herufi A ya Berlin au J ya Hamburg. Neno hilo heller ndilo lililotuachia "hela".

Prufu za sarafu hizi zipo, lakini ni chache mno na zilikwenda kwa wakusanyaji na makumbusho ya Ulaya. Rupia iliyolipwa kwa kibarua wa reli, ikanunua chumvi ya Uvinza au mawese ya Ujiji, haikuwa mojawapo. Basi rupia iliyotoka ardhini au mkufuni isinunuliwe kama prufu bila ushahidi wa nguvu sana.

Shilingi za Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, zilizoanza mwaka 1921 zikiwa na simba mbele ya milima, zina hadithi inayokaribiana na hiyo. Viwanda vya Uingereza vilikuwa na desturi ya kupiga prufu chache za kumbukumbu za sarafu za makoloni. Herufi ndogo H ni ya kiwanda cha Heaton na KN ni ya King's Norton, vyote vya Birmingham, na SA ni ya Pretoria. Herufi hizo ni alama za kiwanda, wala hazimaanishi kwamba sarafu ni spesimeni. Shilingi hizo za mwanzo ni robo tu ya fedha, robo tatu ni madini mengine, hivyo hufifia upesi, na weupe mkali juu yake mara nyingi ni kazi ya dawa ya kusafishia.

Kwa sarafu za Tanzania yenyewe mwekezaji ana urahisi zaidi. Mwaka 1966, Benki Kuu ilipoanza, senti 5, senti 20, senti 50 na shilingi moja zilipigwa kwa mamilioni, na kando yake zikatolewa seti za prufu kwa wakusanyaji. Mwenye kuweka senti 50 ya sungura ya kawaida mkononi kando ya ile ya prufu anaona tofauti bila lenzi, na kwa mtu anayeanza hilo ni somo la bei nafuu kuliko yote.

Mwaka 1974 zikafuata sarafu za hifadhi ya wanyama: shilingi 25 yenye twiga, shilingi 50 yenye kifaru na shilingi 1,500 ya dhahabu yenye duma. Kwa zile mbili za fedha, tofauti ilizidi uzuri wa uso. Toleo la kawaida ni la fedha ya sehemu 500 kwa 1,000. Prufu ni ya sehemu 925, tena ni nzito zaidi: gramu 28.28 kwa twiga na gramu 35 kwa kifaru. Kwa hesabu, prufu moja ina fedha safi takriban maradufu ya mwenzake. Hapa mizani inajibu swali kabla ya jicho.

Na prufu haimaanishi adimu, wala haimaanishi ya kale. Reale ya Maria Theresa, iliyozunguka pwani yote na kupanda bara na misafara, ina mwaka mmoja tu, 1780, ingawa imeendelea kupigwa Vienna kwa zaidi ya karne mbili, na katika karne ya 20 ilipigwa pia London, Rome na Bombay. Vienna imetengeneza hata prufu zake kwa ajili ya watalii na wakusanyaji. Ni nzuri kutazama, ina mwaka 1780, na ni ya juzi. Reale iliyochakaa kwa mikono ya wasafiri inaweza kuwa na historia ndefu kuliko hiyo inayometa.

KUPIMA BILA MAABARA

Vifaa vinavyohitajika vinapatikana kwa sonara yeyote: lenzi ya kukuza mara 10, mizani inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu, taa moja, na uzi mwembamba.

Kwanza, igeuze sarafu polepole chini ya taa. Sarafu ya kawaida isiyotumika huwa na mwanga unaozunguka juu yake kama mataya ya gurudumu la baiskeli. Mwanga huo hutokana na madini yaliyosambaa yakati wa pigo. Prufu ya kioo haina gurudumu hilo. Ina weusi na weupe unaobadilishana kwa ghafla. Sarafu iliyosuguliwa haina gurudumu, na kioo chake ni cha bapa, cha mwanga mmoja kila pembe.

Pili, tazama mistari. Mhuri uliong'arishwa huacha juu ya sarafu mistari myembamba iliyoinuka, nayo hukoma inapofika kwenye herufi. Kitambaa, mchanga na majivu huacha mistari iliyochimba, inayokata uwanda na kupanda juu ya herufi bila kusimama. Mstari ulioinuka ni wa kiwandani. Mstari uliochimba ni wa mtu aliyeisugua baadaye.

Tatu, tazama herufi na ukingo. Katika prufu na spesimeni nzuri kona zake ni kali. Uwanda wa kioo ukikutana na herufi zilizolainika kama sabuni iliyotumika, hiyo ni sarafu chakavu iliyong'arishwa.

Nne, kwa rupia 15 ya Tabora, pima. Uzito wake wa kawaida ni karibu gramu 7.17, na dhahabu ni robo tatu, yaani karibu gramu 5.38 za dhahabu safi. Kisha weka bilauri ya maji juu ya mizani, irudishe mizani kwenye sifuri, na uitumbukize sarafu ikining'inia kwa uzi bila kugusa chini wala pembeni. Dhahabu ya kiwango hicho itasoma kati ya gramu 0.45 na 0.48. Shaba ya manjano yenye uzito huo huo itasoma karibu 0.84. Kipimo hiki hakichubui wala hakichomi, na hakimwachii dalali nafasi ya maneno.

USISUGUE

Hasara kubwa kuliko zote hufanywa kwa nia njema. Mtu hupata heller nyeusi, huiona haifai kuonyeshwa, huipa ndimu, majivu au dawa ya meno, na baada ya nusu saa inameta. Alichoondoa ni ngozi ya juu ya sarafu, ile ngozi ambayo mkaguzi huitafuta. Kampuni za ukaguzi zikigundua usafishaji wa namna hiyo huandika kwamba sarafu imesafishwa na kuinyima tarakimu ya kawaida. Hakuna dawa ya kuurudisha weusi uliokaa miaka mia moja. Udongo uliogandamana unaweza kulainishwa kwa maji safi na sarafu ikakaushwa kwa kubonyezwa na kitambaa laini. Zaidi ya hapo, iachwe kwa mwenye ujuzi.

Kizuri chajiuza. Heller ya Tabora yenye weusi wake, nyufa zake za mhuri na herufi zinazosomeka haihitaji kuitwa prufu ili ipate mnunuzi.

KARATASI NA SHERIA

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kila sarafu iwe na bahasha yake, na juu yake iandikwe mahali ilipopatikana, tarehe, uzito, na bei iliyolipwa. Muuzaji akidai prufu au spesimeni, aandike neno hilo kwenye risiti na kutia sahihi. Wengi hulitamka neno hilo kwa urahisi na kusita wanapoombwa waliandike, na kusita huko ni habari tosha.

Aidha, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vya kale, na vinavyoangukia chini yake havichimbwi wala kusafirishwa nje bila kibali. Anayekusudia kutuma mzigo nje, au aliyeletewa sarafu zilizofukuliwa kwa pamoja na vitu vingine, aulize kwanza katika ofisi inayoshughulikia mambo ya kale. Gharama ya kuuliza ni ndogo kuliko ya mzigo kuzuiwa bandarini Kigoma au uwanja wa ndege.

KWA UFUPI KWA MNUNUZI

Tabora 1916, herufi T: usilipe bei ya prufu. Lipia aina ya mhuri, usomekaji wa herufi na ngozi isiyoguswa. Kwa dhahabu, pima majini kabla ya kutoa fedha.

Rupia, pesa na heller za Berlin na Hamburg: prufu zipo, ni chache sana. Bila hati ya ukaguzi, ichukulie kuwa ya kawaida.

Shilingi za Afrika Mashariki kuanzia 1921: H, KN na SA ni alama za viwanda. Weupe mkali ni dalili ya dawa mpaka lenzi ithibitishe vinginevyo.

Tanzania 1966: prufu zilitoka kwa seti. Moja pekee bila wenzake na bila kisanduku ilinganishwe na ya kawaida kabla ya kukubaliana bei.

Tanzania 1974, twiga na kifaru: weka kwenye mizani. Gramu 28.28 na 35 ni prufu.

Reale ya 1780: mwaka si umri. Kioo juu yake kinaelekea kuwa cha Vienna ya siku za karibuni.